Kabla Mtambo Haujafika: Somo la Maji ya Chini ya Ardhi na Amani Mipakani

ELIMU KWA UMMA

Katika mabaraza ya nyanda zetu za chini, ombi lisilokosa kutajwa ni hili: "Tuchimbieni kisima." Ni ombi la haki. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na Jedwali la Nne la Katiba hiyo linazipa serikali za kaunti jukumu la huduma za maji. Mama anayetembea nusu siku kutafuta mtungi mmoja wa lita 20 hahitaji kuelezwa kwa nini kisima ni muhimu.

Hata hivyo kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kisima kinaweza kumaliza ugomvi uliodumu miaka, na kisima cha aina hiyohiyo kinaweza kuanzisha ugomvi ambao haukuwepo. Kinachoamua ni hesabu iliyopigwa na maelewano yaliyofikiwa kabla mtambo wa kuchimba haujawasili. Somo la toleo hili linaeleza maji yaliyo chini ya miguu yetu, jinsi yanavyotafutwa, na yale ambayo jamii zinazopakana zinapaswa kukubaliana mapema ili maji hayo yalete utulivu.

Mlima mmoja, hali mbili

Ukitazama Meru na Embu kutoka mbali unaona Mlima Kenya, misitu, chai na kahawa. Ukishuka, picha hubadilika. Huko Meru, miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Nyambene hupata mvua nyingi, lakini sehemu za chini za Buuri, Tigania na Igembe Kaskazini zinazoelekea Isiolo ni kavu. Huko Embu, Manyatta na Runyenjes ziko juu kwenye kijani, ilhali Mbeere Kaskazini na Mbeere Kusini, kutoka Evurore na Muminji hadi Mavuria, Makima na Kiambere, ni nchi ya mtama, ndengu, muguka na mbuzi.

Ndiyo maana Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, huzihesabu kaunti zote mbili miongoni mwa kaunti 23 zinazofuatiliwa kila mwezi kuhusu ukame. Taarifa zake kwa upande wetu huangazia Meru Kaskazini, na kwa Embu huangazia Mbeere. Katika ukame uliopita, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022.

Shida ya maji huonekana kwa namna tofauti katika kaunti hizi mbili. Mbeere Kusini imepakana na mabwawa ya umeme ya mto Tana: Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mkazi anaweza kuona maji akiwa shambani kwake na bado akakosa maji ya bomba nyumbani, na anayeshuka kuteka huko hukutana na mamba na viboko. Upande wa kaskazini wa Meru, shida ni mpaka. Wakati wa kiangazi wafugaji kutoka Isiolo na mbali zaidi husogea na mifugo kuelekea miteremko ya Nyambene na mito yake. Huko hukutana na mashamba, na mvutano wa muda mrefu kuhusu ardhi, malisho na maji umegharimu maisha ya watu na mifugo ya pande zote.

Maji yako wapi chini ya miguu yetu

Wengi hudhani kuwa chini ya ardhi kuna ziwa au mto unaopita, na kwamba ukichimba kwa kina cha kutosha utaufikia tu. Kwa kawaida sivyo. Maji ya chini ya ardhi hukaa ndani ya vitundu vya mchanga na kokoto, au katika nyufa za miamba, kama maji yanavyokaa ndani ya sponji. Mahali penye vitundu au nyufa nyingi zinazoungana hutoa maji. Mahali penye mwamba mzima usio na ufa hapatoi hata ukichimba mita 200.

Kaunti zetu zina aina mbili kuu za miamba. Ya kwanza ni miamba ya volkano iliyotokana na Mlima Kenya na Nyambene. Mvua ya milimani hupenya humo, husafiri polepole kati ya tabaka za lava, na hutokeza chini kama chemchemi. Chemchemi ya Murera, karibu na lango la Mbuga ya Kitaifa ya Meru, ni mfano. Hivyo basi msitu ulioko juu ndio unaojaza visima na chemchemi za chini. Anayekata miti huko juu anapunguza maji ya jirani ambaye huenda hajawahi kumwona.

Aina ya pili ni miamba mikongwe na migumu, ambayo ndiyo inayotawala Mbeere na sehemu za chini za mashariki. Humo maji hupatikana katika tabaka la juu lililolainika kwa kuoza kwa mwamba, na katika nyufa. Visima vya miamba hii mara nyingi hutoa maji kidogo, na visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana kabisa: kimoja kikatoa maji ya kutosha kijiji, kingine kikawa kikavu. Mkazi wa Siakago anaposema kuwa mtambo ulichimba na kuondoka bila maji, hiyo haimaanishi kila mara kwamba mchimbaji alizembea. Mwamba wenyewe ndio ulivyo.

Maji hutafutwaje

Kazi huanzia mezani. Mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi husoma ramani za miamba, picha za setilaiti na kumbukumbu za visima vilivyochimbwa zamani. Kwenye picha hizo hutafuta mistari mirefu iliyonyooka, ambayo mara nyingi huonyesha mahali mwamba ulipopasuka.

Kisha huenda uwanjani na kifaa cha kupima jinsi ardhi inavyozuia umeme. Vyuma huchomekwa ardhini, umeme mdogo hupitishwa, na kifaa hupima ugumu wa kupita kwake. Kadiri vyuma vinavyotenganishwa ndivyo kipimo kinavyofika chini zaidi. Mwamba mkavu na mzima huzuia umeme sana. Mwamba uliolainika na kulowa huupitisha kwa urahisi. Tatizo ni kwamba udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi pia huupitisha kwa urahisi. Ndiyo sababu kipimo kimoja hakitoshi, na ndiyo sababu matokeo huhitaji kusomwa na mtu mwenye ujuzi na leseni.

Wazee wetu nao wana elimu yao. Mkuyu ulio kijani wakati kila kitu kimekauka, kichuguu kikubwa, au bonde la mchanga ambalo huteka maji baada ya kufukuliwa kidogo ni dalili za kweli za maji ya karibu. Mtaalamu mzuri huwauliza wazee kabla hajachomeka chuma cha kwanza. Kuhusu wale wanaotembea shambani na kijiti kinachoinama, majaribio ya kisayansi hayajaonyesha kwamba wanapata maji zaidi ya mtu anayebahatisha. Usiuze ng'ombe kwa ajili ya kijiti.

Baada ya kuchimba, kazi haijaisha. Kisima hupimwa kwa kuvutwa mfululizo, kwa kawaida saa 24, huku wataalamu wakiandika jinsi maji yanavyoshuka, na baada ya pampu kuzimwa, yanavyopanda tena. Kisima kinachotoa maji mengi kwa saa mbili na kuchukua siku nzima kurudi ni kisima dhaifu. Sampuli ya maji nayo hupelekwa maabara kupimwa chumvi, madini na vijidudu. Katika maeneo ya volkano ni muhimu sana kupima floraidi. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi hapo kwa miaka mingi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia na mifupa huathirika.

Funzo kutoka Turkana

Tarehe 11 Septemba 2013, serikali ya Kenya pamoja na UNESCO ilitangaza kuwa hifadhi kubwa za maji zimegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana, moja ikiwa Lotikipi karibu na mpaka wa kaskazini magharibi, na nyingine katika bonde la Lodwar. Utafiti ulifanywa na kampuni ya Radar Technologies International kwa kutumia picha za setilaiti, rada na ramani za miamba, kisha visima vya majaribio vikachimbwa. Makadirio ya Lotikipi pekee yalizidi mita za ujazo bilioni 200. Dunia nzima iliandika habari hiyo. Wengi walisema vita vya wafugaji wa mpaka wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia vitapungua, kwa kuwa sasa maji yapo.

Vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi kupita kiasi cha kunywewa bila kusafishwa, na kusafisha maji ya chumvi katika eneo la mbali lisilo na umeme wa kutosha ni gharama kubwa. Mji wa Lodwar umeendelea kutegemea visima vilivyo karibu na mto Turkwel.

Funzo ni dhahiri, nalo linatuhusu hata sisi tusio na hifadhi ya ukubwa huo. Kuna hatua tatu zinazochanganywa: kugundua maji, kuthibitisha ubora wake, na kuyafikisha kwa mtu na mnyama kwa gharama wanayoimudu. Tangazo la hatua ya kwanza lisisherehekewe kama la tatu. Jamii iliyoahidiwa maji ikayangoja bure hubaki na hasira, na hasira hiyo huelekezwa kwa jirani aliye karibu.

Je, uhaba wa maji ndio mama wa vita?

Kuna vita vilivyoanzia majini moja kwa moja. Januari 2005, huko Mai Mahiu, wakulima na wafugaji walipigana kuhusu maji ya mto Ewaso Kedong. Wafugaji walilalamika kwamba maji yalielekezwa mashambani huko juu na kuwaacha wa chini bila ya kunywesha mifugo. Watu waliuawa, na mamia wakahama makwao.

Lakini utafiti unatufundisha kuwa waangalifu. Watafiti Karen Witsenburg na Wario Adano walichunguza kumbukumbu za mauaji ya wizi wa mifugo huko Marsabit, wakachapisha matokeo yao mwaka 2009. Waligundua kuwa mauaji yalikuwa mengi zaidi katika miaka ya mvua kuliko katika miaka ya ukame. Sababu zake si ngeni kwa mfugaji yeyote. Wakati wa mvua mifugo imenona na ina nguvu ya kuswagwa mbali, vichaka vimeshona na kumficha mvamizi, na maji ya kunywa njiani yapo. Wakati wa ukame mkali, jamii hulazimika kukaa pamoja na kukubaliana kuhusu visima vichache vilivyobaki, maana anayemfukuza jirani leo atamhitaji kesho.

Hii haina maana kwamba ukame hauleti ugomvi. Ina maana kwamba kati ya ukame na bunduki kuna kitu katikati: makubaliano. Yakiwepo, watu hugawana hata kidogo. Yasipokuwepo, hupigana hata penye kingi. Kwa hiyo anayesema "chimbeni kisima na vita vitaisha" amesema nusu tu ya ukweli.

Kisima ni maji, na ni alama pia

Hapa tuseme wazi. Katika maeneo ambayo mpaka una utata, kisima hakionekani kuwa maji pekee. Kinaonekana kama kigingi cha ardhi. Kikichimbwa upande mmoja bila kushauriana, upande wa pili huuliza: je, wanachimba maji au wanachimba haki ya kukaa hapa? Baada ya kisima huja kioski, kisha duka, kisha darasa la shule ya chekechea, na mwishowe kijiji. Malisho ambayo yalikuwa ya kiangazi pekee, yaliyoachwa kupumzika wakati wa mvua, sasa yanaliwa mwaka mzima. Nyasi zikiisha karibu na kisima, mifugo huingia mashambani. Hapo ugomvi huwa umezaliwa upya, na safari hii kisima ndicho mzazi wake.

Hofu nyingine ni ya kunyang'anywa. Kulipokuwa na mpango wa kutoa maji Habaswein kwenda mji wa Wajir, kutoka hifadhi ya chini ya ardhi ya Merti ambayo inaanzia Isiolo na kuelekea mashariki, wakazi wa Habaswein walipinga wakihofia visima vyao kukauka au kuingia chumvi. Wajir ilihitaji maji kwa kweli, na Habaswein ilikuwa na hofu ya kweli. Ramani ya kihandisi pekee isingeweza kutatua hilo.

Hesabu ya kisima

Ugomvi mwingi wa visimani huanza kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu hadharani. Tuipige hapa kwa mfano. Tuseme kisima kimepimwa na kuruhusiwa kuvutwa lita 4,000 kwa saa, na pampu ni ya sola inayofanya kazi vizuri saa 6 kwa siku. Kwa siku moja kinatoa lita 24,000.

Kijiji kina watu 600. Tukimpa kila mmoja lita 20 kwa siku, ambacho ni kiasi cha chini cha mahitaji ya msingi, wanahitaji lita 12,000. Zinabaki lita 12,000 kwa mifugo. Ng'ombe katika joto hunywa kati ya lita 25 na 50 kwa siku. Tukichukua lita 40, maji hayo yanatosha ng'ombe 300. Mbuzi hunywa takriban lita 5, kwa hiyo yangetosha mbuzi 2,400.

Sasa kiangazi kimekaza na makundi yenye ng'ombe 1,000 yamefika kutoka ng'ambo. Wanahitaji lita 40,000 kwa siku. Hazipo. Pampu ikilazimishwa kwa jenereta usiku na mchana, maji yatashuka chini ya pampu, na kisima kinaweza kuharibika. Hesabu hii ingefanywa mapema, jamii ingejua la kufanya: kuweka zamu ya kunywesha siku moja kwa mbili, kutenga mabirika ya mifugo mbali na kioski cha watu, kuchimba kisima cha pili kwenye njia ya mifugo mbali na kijiji, au kufungua kisima cha akiba wakati wa ukame tu. Bila hesabu, kinachobaki ni kusukumana kwenye foleni, na kwenye foleni ndefu neno moja baya linatosha.

Maelewano yana mizizi yetu wenyewe

Hatuhitaji kuagiza busara hii kutoka nje. Kwa Waborana, majirani zetu wa Isiolo na Marsabit, visima vya kale vina msimamizi anayeitwa abba herega, yaani baba wa zamu. Yeye ndiye anayepanga ni kundi la nani linywe leo na la nani lingoje kesho. Ukoo uliochimba kisima una nafasi yake ya mbele, lakini mwenye kiu aliyefuata utaratibu hafukuzwi. Kwa Wameru, Njuri Ncheke wamekuwa wakisuluhisha migogoro ya ardhi na ya jamii tangu zamani. Wazee wa pande hizi mbili wanapokaa kwenye mkeka mmoja, kila mmoja huleta sheria ambayo watu wake tayari wanaiheshimu.

Upo pia mfano wa maandishi. Mwaka 2001, wawakilishi wa jamii za kaskazini mwa Kenya, Isiolo ikiwemo, walifikia Azimio la Modogashe. Miongoni mwa yaliyokubaliwa ni kwamba mfugaji anayehamia eneo la wengine aombe ruhusa kwanza kwa wazee wa huko. Ni kanuni nyepesi, lakini inamgeuza anayekuja na mifugo kutoka mvamizi kuwa mgeni. Mgeni huulizwa atakaa siku ngapi na ana mifugo mingapi. Mvamizi haulizwi kitu.

Na kwenye maji ya mito tunao mfano wa nyumbani. Mto Ngusishi, upande wa Timau, hutumiwa na mashamba makubwa, wakulima wadogo na wafugaji walioko chini. Wote wako katika chama kimoja cha watumiaji wa maji, vyama ambavyo wengi huviita WRUA. Katika vyama vya namna hii maji hupimwa, hugawanywa kwa zamu yanapopungua, na malalamiko huanzia kwa kamati kabla ya kufika kwa polisi. Kinachofanya mpango huo uheshimike ni kwamba wa juu na wa chini wote wanaona kipimo kilekile. Kisima cha mpakani kinahitaji jambo hilohilo: mita inayosomwa mbele ya pande mbili, na daftari lililo wazi.

Sheria inasemaje

Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, rasilimali zote za maji, pamoja na yale ya chini ya ardhi, zinashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Mwenye shamba anamiliki ardhi yake lakini hamiliki maji yaliyo chini yake. Kwa hiyo kabla ya kuchimba kisima cha mtambo lazima upate idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ukiambatisha ripoti ya mtaalamu aliyesajiliwa. Mradi pia hupitia tathmini ya mazingira chini ya NEMA. Baada ya kuchimba, ripoti ya kukamilika kwa kisima hurudishwa WRA kabla ya kupewa kibali cha kutumia maji.

Kumbuka kuwa maji hayafuati mipaka ya kaunti. Embu na sehemu kubwa ya Meru ziko katika bonde la Tana, ambalo ofisi yake ya WRA iko mjini Embu. Sehemu za kaskazini za Meru huteremka kuelekea Ewaso Ng'iro Kaskazini, ambalo ofisi yake iko Nanyuki. Anayepanga kisima aulize kwanza eneo lake liko bonde gani.

Pale ambapo kisima si jibu la kwanza

Katika sehemu za Mbeere zenye miamba migumu na mito ya msimu iliyojaa mchanga, lambo la mchanga linaweza kufaa kuliko kisima kirefu. Ukuta wa zege au mawe hujengwa kukatiza mto juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani ya mchanga yakiwa yamekingwa na jua. Jirani zetu wa Kitui wamejenga mamia ya malambo haya tangu miaka ya 1990. Faida yake kwa amani ni kwamba maji husambaa katika vituo vingi vidogo kando ya mto, badala ya kila mtu na kila mfugo kukusanyika mahali pamoja. Silanga za kukinga maji ya mvua na matangi ya kuvuna maji kwenye paa za shule hufanya kazi hiyohiyo.

Maswali ya kuuliza barazani kabla mtambo haujafika

Kata ukurasa huu uuweke. Mradi wa kisima unapoletwa mbele ya baraza, mwananchi ana haki ya kuuliza:

1. Ni nani aliyepima eneo hili, na ripoti yake inaonyesha nini? Tunaweza kuiona?
2. Je, idhini ya WRA na ya NEMA zimepatikana?
3. Kisima kiko umbali gani kutoka mpaka, njia ya mifugo, mto na kisima kingine?
4. Je, wazee, wanawake na vijana wa upande wa pili wameulizwa? Lini, na walisema nini?
5. Baada ya kupimwa, kitatoa lita ngapi kwa siku? Watu ni wangapi na mifugo ni mingapi, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi?
6. Maji yamepimwa chumvi na floraidi, na yakikutwa na kasoro mpango ni upi?
7. Nani atapanga zamu, na mifugo ya wageni itaingia kwa utaratibu gani?
8. Bei ya mtungi na ya kunywesha ni ngapi, fedha zinawekwa wapi, na nani anasoma daftari?
9. Pampu ikiharibika, nani anaitwa na nani analipa?
10. Ugomvi ukitokea kisimani, unapelekwa kwa nani kwanza?

Swali la nne na la saba ndizo ambazo mara nyingi huachwa, kwa sababu jibu lake huchukua muda na halihitaji fundi. Zisiachwe. Mtambo unaweza kufika mwamba wenye maji kwa siku chache. Kumfikia jirani kunaweza kuchukua mikutano mitano, na ni bora mikutano hiyo iishe kabla lori la kwanza halijaingia kijijini. Baraza likipata majibu ya maswali haya yote kumi, na pande mbili zikatia sahihi, basi naibu wa chifu ayahifadhi kwa maandishi na nakala ibandikwe kwenye ukuta wa kioski, mahali ambapo kila anayekuja na mtungi, na kila anayekuja na ng'ombe, ataisoma.